Barua Kumi na Moja za Mashuuru

Zile wiki mbili nilizosimamishwa masomo nilizitafuta kwa mikono yangu mwenyewe, na sitamlaumu mtu. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule, nikiiga maneno ya naibu wa mwalimu mkuu, kwamba kila mwanafunzi mpya sharti aje Ijumaa na kiti kutoka kwao. Sikuweka sababu. Ukiweka sababu watu huanza kufikiri. Ijumaa wakaja: stuli vichwani, viti vya plastiki vya harusi, mmoja na mto wa sofa kwa vile sofa yenyewe ilikataa kupita mlangoni. Naibu alisimama getini akiwatazama kama mtu aliyekuta pundamilia wamepanga foleni benki. Halafu akaanza kutafuta ni nani shuleni anaweza kuandika kama yeye. Hatukuwa wengi.

Kwa hivyo nikarudi nyumbani, yaani kwa Tata.

Tata ni mama mdogo, yaani mdogo wa mama yangu. Anafundisha shule ya msingi hapa Kitengela, na wikendi anasomea shahada ya pili. Nyumba yake iko upande ambao lami imechoka ikaacha, mahali ploti nyingi ni waya na nguzo tu, na upepo unakuja kutoka mbali bila kusimamishwa na mtu. Mimi nilipaswa kukaa kwake muhula mmoja, mama ajipange Kajiado na mume wake mpya. Sasa niko kidato cha tatu na hii ni sare yangu ya pili tangu hapo. Ile ya kwanza haikuchakaa, ni mimi nilirefuka. Huko Kajiado mtoto amezaliwa, ameota meno, ameanza kusimama. Na Kajiado si Marekani. Ni barabara hii hii ya malori ya Namanga, unapita Isinya, unafika. Malori yenyewe nayasikia nikiwa kitandani.

Tata huniita Maitu, mama yangu, kwa kuwa nimerithi jina la mama yao. Ni desturi ya kwetu, na ina faida zake: ni vigumu kumchapa mtu baada ya kumwita mama. Siku niliyosimamishwa hakuniita hivyo. Alisoma barua ya shule akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Viti."

"Viti, Tata."

"Na wewe ulipeleka chako?"

"Mimi si mwanafunzi mpya."

Niliona mdomo wake ukipigana na kicheko na kushinda. Halafu akaenda chumbani, akarudi na bahasha nne kubwa za kaki na kompyuta yake ya mkononi.

"Kwa vile unapenda kuandika," akasema.

Hapo ndipo nilijua utafiti wake ulihusu nini. Kuna maneno madogo ya Kiingereza ambayo mtu huyatumia kuonyesha ana uhakika kiasi gani, ama analazimisha kiasi gani: must, should, may, might, will na ndugu zao. Kwa Kiswahili tungesema lazima, inafaa, huenda. Tata alitaka kujua wanafunzi wa kaunti hii ya Kajiado wanayatumiaje. "Si vile kitabu kinasema," aliniambia. "Vile wao wenyewe wanaandika." Alikuwa ameenda shule nne, moja hapa Kitengela, moja Tuala, moja Embulbul na moja Mashuuru, akawapa wanafunzi kazi moja: andika barua kwa Kiingereza kwa mtu wako aliye mbali. Hakuna jina, nambari tu. Hizo barua zikishaingizwa kwenye kompyuta zote, zinakuwa kitu kimoja kikubwa ambacho wasomi wanakiita kongoo. Mimi nilidhani kongoo ni ugonjwa wa mbuzi.

"Kompyuta inahesabu," akasema, "halafu inakupangia."

Akanionyesha. Aliandika neno must, na skrini ikajaa mistari, kila mstari sentensi ya mtoto tofauti, na lile neno limesimama katikati, moja chini ya jingine, kama nguzo za ua. Kushoto na kulia mwa ua kulikuwa na vipande vya maisha ya watu. You must bring the medicine. Father must know. Nilitazama nikasahau kufanya mzaha, jambo ambalo hunitokea mara chache.

"Kanuni ni mbili," Tata akasema. "Moja, unaandika vile ilivyo. Mtoto akikosea, kosea na yeye. Mbili, ukinichezea na hii kazi, naongea na mama yako uende bweni."

Hakuinua sauti kwa ile ya pili. Ndiyo maana niliiamini.

Tata huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Katikati ya hapo kuna siku nzima, na siku nzima ya Kitengela ukiwa peke yako ni kitu kirefu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilisikiliza bati likijikunja kwa jua. Kuna mzee wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha ng'ombe kwenye ploti tupu iliyo nyuma yetu, na ilifika mahali nikawa natega saa yake. Akitokea natoka nje kuanika kitambaa.

"Sopa," nasema.

"Epa," anajibu, na ng'ombe wanampita.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya mchana.

Kwa hivyo niliandika barua za watu. Kitengela wanaandikia kaka walio Nairobi, wanaomba simu. Tuala kuna mmoja aliyemwandikia baba yake kurasa tatu kuhusu kuku. Embulbul wanaomba msamaha sana, sijui wamefanya nini. Bahasha ya Mashuuru ndiyo ilikuwa nyembamba, kwa sababu siku Tata alipoenda huko mvua ilikuwa imekatiza njia na wanafunzi wengi hawakufika. Nikaimaliza kwa siku moja na nusu. Na nilipoimaliza, nilitazama ile saa ya ukutani ikiwa saa tano na robo, nikaona siwezi kuvumilia mpaka jioni.

Nikafungua faili mpya. Nikaipa nambari inayofuata ya Mashuuru. Nikaandika barua kutoka kwa mwanafunzi ambaye punda wake amehamishiwa Isinya kubebea watu wengine maji. Mwanafunzi anamweleza punda habari za nyumbani, anamkumbusha kwamba mzigo wa kushoto uwe mwepesi, anamwonya kuhusu marafiki wa mjini. Ilikuwa tamu. Nilicheka peke yangu, halafu nikasikia vile kicheko cha mtu mmoja kinavyosikika sebuleni, nikanyamaza. Lakini sikuifuta.

Kesho yake nikaandika nyingine. Ilianza kwa mzaha, mtoto wa Mashuuru akimwandikia mama yake kwamba paka amejiunga na kwaya. Mahali fulani katikati paka akapotea kwenye barua. Mtoto akaandika kwamba beseni la buluu aliloliacha mama bado liko hapa. Kwamba nguo za zamani zimekuwa fupi. Kwamba huenda mama akaja Jumamosi, you might come on Saturday. Huenda akamleta mtoto. Huenda akakumbuka kwamba mlango wa hapa ni ule wa kijani sasa, umepakwa rangi.

Mimi simu niko nayo. Mama nampigia. Lakini kwa simu yeye husema "nitakuja tu, wacha huyu apone mafua," na mimi nasema sawa, na yule mtoto anavuta simu, imeisha. Kwenye zile barua hakuna mtu aliyenikatiza. Niliandika moja kila siku, siku nyingine mbili. Mwisho zilikuwa kumi na moja pamoja na ya punda, zote kwenye folda ya Mashuuru, kila moja na makosa yake niliyoyapanda kwa uangalifu, kwa vile nilikuwa nimejua sasa watoto wanakosea vipi.

Najua unachouliza. Sikufikiria hesabu. Nakuapia sikufikiria kabisa kwamba kompyuta itazihesabu.

Jumanne ya wiki ya pili, Tata alirudi, akavua viatu vya vumbi mlangoni, akafungua kompyuta kabla hata ya chai. Mimi nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikasikia akisema, "Haiya."

Halafu, "Maitu! Kuja uone."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo tangu mambo ya viti. Nikaenda na kisu mkononi.

Skrini ilikuwa na ule ua, na neno la katikati lilikuwa might. Kitengela karibu hakuna. Tuala karibu hakuna. Embulbul, moja moja. Mashuuru lilishuka, likashuka, ikabidi Tata avute ukurasa. You might come. You might bring. You might still know the way.

"Unaona?" Uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtoto. "Nilijua kuna kitu. Hao watoto wa kule ndani, ambao watu wanasema hawajui Kiingereza, ndio wanatumia neno gumu kuliko wote. Huku mjini kila mtu ni will na must, amri tupu. Hao wanaacha nafasi. Hii ni sura nzima, Maitu. Hii ni sura ya nne."

"Labda ni bahati tu," nikasema.

"Bahati hairudi hivi." Alikuwa tayari anaandika. Jioni hiyo alimpigia profesa wake, na nilimsikia akitembea huku na huku ukumbini akieleza. Aliporudi mezani alisema profesa amefurahi na ana hamu, na Ijumaa anataka kuona karatasi zenyewe za Mashuuru, zilizoandikwa kwa mkono. Tata akanishika bega. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

Sahani nikairudisha jikoni imejaa. Nilisema sukuma imeungua, na haikuwa imeungua.

Jumatano asubuhi, alipoondoka tu, nikatafuta karatasi. Nikararua kurasa kutoka daftari tofauti, nikatafuta kalamu nne, na nikaanza kutengeneza watoto wa Mashuuru. Wa kwanza nilimpa mwandiko wa kulala. Wa pili nilimwandika kwa mkono wa kushoto. Wa tatu anabonyeza sana kalamu, karatasi inatoboka kwenye nukta. Mimi ni fundi, nilishawahi kuwa naibu mzima. Kufikia saa nne nilikuwa na tatu kavu kabisa, nikazisugua kidogo sakafuni zipate vumbi.

Ya nne nilikwama. Nilitaka mwandiko wa mtoto mdogo kidogo, kwa hivyo nikafungua bahasha ya kweli nitazame mfano. Nikachomoa moja. Nilikuwa nimeiandika kwenye kompyuta wiki moja iliyopita, neno kwa neno, na sikuwa nimeisoma hata kidogo. Unaweza kuandika kitu chote hivyo, vidole vikisoma peke yao.

Ilikuwa ya mtoto anayemwandikia kaka yake aliyeenda Kajiado kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Ilikuwa fupi. Alisema mbuzi wako salama. Alisema mbwa analala juu ya shati uliloacha na akiondolewa halii, anasimama tu getini. Alisema lazima uje uchukue shati ama uje umwambie mbwa. Chini hapakuwa na kwaheri. Palikuwa na alama ya kidole chenye grisi, halafu nambari ya Tata.

Nilikaa na hiyo barua mpaka mzee wa ng'ombe akapita, na sikutoka kumsalimia.

Yule mtoto alikuwa amepewa karatasi moja na akaambiwa sema unalotaka. Na sasa Tata alikuwa anaenda kusimama mbele ya watu aeleze vile watoto wa Mashuuru wanaongea, na yeye huyu, wa shati, angekuwa mmoja tu kule pembeni, amezidiwa kelele na mimi kumi na moja.

Tata alinikuta mezani. Nilikuwa nimeandika orodha ya nambari za faili, na juu yake nimeweka zile karatasi tatu.

"Hizi ni nini?"

"Hizi nilizitengeneza leo. Za Ijumaa. Na hizi nambari ni za faili ambazo hazina karatasi. Niliziandika mimi."

Alivuta kiti. Alisoma orodha yote kwa kidole. "Kumi na moja."

"Ndiyo."

"Hata ya punda?"

"Hata ya punda."

"Ya punda niliipenda," akasema, na sauti yake haikuwa na kitu chochote ndani.

Alifungua kompyuta, akaziondoa moja moja, akaita tena might. Ule ua wa Mashuuru ulibaki na nguzo mbili. Nilisubiri anipige kelele. Nilikuwa hata nimeandaa majibu, ya kuchekesha na ya kulia. Aliinuka akachukua simu, akaenda ukumbini, na mlango hakuufunga.

"Profesa, samahani kwa usumbufu," alisema kwa ile sauti yake ya ofisini. "Data yangu ya Mashuuru ina shida. Hapana, si kompyuta. Ni ya hapa nyumbani. Mtoto wangu aliongeza maandishi yake." Akasikiliza. "Ndiyo, mtoto wangu." Akazima taa ya ukumbini, akaiwasha tena. "Naelewa. Nitakagua zote upya."

Aliporudi alisema sura ya nne haipo tena, na profesa hataamini hata bahasha zingine mpaka kila faili isomwe dhidi ya karatasi yake, na kwamba sasa hatawasilisha muhula huu. Alisema hivyo kama mtu anayesoma ratiba. Nikauliza kama nipakie begi la bweni.

"Pakia ukitaka," akasema. "Lakini kesho saa kumi na moja jioni nakuhitaji hapa."

Kukagua kongoo kunahitaji watu wawili. Mmoja ana karatasi, anasoma kwa sauti kila kitu, hata nukta, hata makosa. Mwingine anafuata kwenye skrini kwa kidole. Tulifanya hivyo kila jioni mpaka shule ikanirudisha, na baada ya hapo tukaendelea. Tulianza na Mashuuru. Na Tata, katika zile jioni za kwanza, hakuniambia neno lake mwenyewe. Alinipa tu ya watoto. "My dear brother, mkato, I am fine, nukta, herufi kubwa." Nikisema sawa, anaendelea. Tukimaliza anafunga bahasha anaenda kulala. Sijawahi kusikia nyumba ile ikiwa na maneno mengi hivyo, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Nilijaribu mzaha mara moja, kuhusu yule wa kuku. Alisubiri nimalize, akasoma mstari uliofuata.

Tulipofika ya mbwa na shati aliisoma yote, akaona kidole changu kimekwama kwenye skrini, akaiweka chini.

"Hii ndiyo ilikufanya useme?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akatoa kwenye mkoba karatasi alizochapisha shuleni. Zilikuwa barua zangu, zile kumi bila ya punda. Nilitamani sakafu inimeze na kiti changu.

"Nilikaa na hizi mchana," akasema. "Profesa angejua hata bila wewe kusema. Ni mtu mmoja. Anataka kitu kimoja mara kumi." Akazipanga zilingane pembe. "Mama yako ameziona?"

"Si ni za utafiti."

"Wewe msichana."

"Hajaziona."

"Basi hizi hazina karatasi, na mimi sikubali maandishi yasiyo na karatasi. Andika moja. Kwa mkono wako, si wa kushoto, si wa naibu. Kuna mwalimu wetu anaenda Kajiado Jumatatu."

Niliandika kwa Kiswahili, na sikumaliza ukurasa. Nilisema beseni la buluu liko, na mlango ni wa kijani. Nilimwambia nataka aje Jumamosi. Niliitazama ile "nataka" kwa muda, nikaionea haya, lakini nilikuwa nimetumia kalamu.

Jumamosi nilifagia uwanja mara mbili, kazi ya bure kabisa ukijua upepo wetu. Nilikaa kwenye ngazi. Malori yakapita kule barabarani, mzee akapitisha ng'ombe, tukaambiana sopa na epa. Hakuna aliyekuja mlango wa kijani isipokuwa mtu wa bauza, lile lori la maji, ambaye alikuwa amekosea ploti.

Jumapili baada ya kanisa simu ikalia.

"Nimesoma barua," mama akasema. "Mtoto amekula pembe moja, lakini nilikuwa nishasoma."

"Ilikuwa pembe gani?"

"Ya mwisho, hapo umesema Jumamosi."

Nilicheka, na yeye akacheka. Kwa mbali nilisikia sufuria huko kwake, na mwanamume akiuliza chumvi.

"Utakuja?" nikauliza.

Nilingoja ile "nitakuja tu." Nilikuwa nimeshaandaa sawa yangu.

"Sijui," mama akasema. Alivuta pumzi. "Sijui, mwanangu. Hapa si rahisi vile nakuambianga."

Ilikuwa mara ya kwanza aniambie hivyo. Iliuma, na sitadanganya kwamba haikuuma. Lakini ilikuwa kitu cha kushika. Nilimwambia beseni sitalitoa. Akasema asante. Simu ikakatika yenyewe, ama yule mtoto aliila pia.

Tata alikuwa mlangoni na bahasha ya Embulbul kwapani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alisafisha meza kwa mkono, akafungua kompyuta upande wangu, akavaa miwani.

"Nambari moja," akasema. "Uko tayari, Maitu?"

Nikaweka kidole kwenye skrini, mstari wa kwanza, na nikasema ndiyo.